Uzi: Wanafunzi waanze kufumbua maandishi fiche kwa Kiswahili, au waende moja kwa moja kwenye Kiingereza cha mashindano?

Mlezi wa Chama, Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Ninalea chama cha hisabati katika shule moja ya upili hapa Nakuru, na tangu muhula uliopita tumekuwa tukikutana kila Alhamisi alasiri kujifunza kufumbua maandishi fiche. Kielelezo chetu ni mashindano ya wanafunzi ya aina mbili. La kwanza ni lile la Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, linaloendeshwa kupitia intaneti tangu mwaka 2002, ambalo mafumbo yake huanza kwa wepesi kisha yakazidi ugumu kadiri wiki zinavyokwenda. La pili ni Codebusters ya Science Olympiad huko Marekani, ambako timu ya wanafunzi wasiozidi watatu hukaa na rundo la mafumbo kwa dakika 50. Hatujajiandikisha popote, kwa sasa tunaiga tu muundo wao ili tujipime.

Kisa kilichonileta hapa ni hiki. Wiki mbili zilizopita niliandika ubaoni fumbo la Kiswahili, yaani ujumbe ambao herufi zake zimebadilishwa kwa nyingine, nikidhani litawapumzisha baada ya Kiingereza cha majuma mengi. Nafasi kati ya maneno niliziacha kama zilivyo. Wanafunzi kumi na wanne, wote wakizungumza Kiswahili tangu wakiwa wadogo, walikaa dakika arobaini wasipate hata neno moja. Nilipopita katikati ya madawati nikaona sababu: kila mmoja alikuwa ameandika ETAOIN juu ya karatasi yake, yaani ule mpangilio wa herufi zinazojirudia zaidi katika Kiingereza, na herufi iliyoongoza kwa wingi kwenye fumbo alikuwa ameipa e bila kusita. Mmoja alifuta na kuandika, akafuta na kuandika, mpaka karatasi ikatoboka.

Fumbo lenyewe ni hili:

HVTK DGDJYMQCK TQDFT FTSCK JK IKPKIKPK YK FWMJUK QLFLJD CKDNDRDFD

Maoni yangu ni kwamba tumewafundisha vibaya, na kwamba inafaa kuanza na lugha wanayoisikia nyumbani na sokoni kabla ya kuwapa jedwali la lugha nyingine. Mwenzangu wa idara ya hisabati anasema huo ni muda wa kupoteza, kwa kuwa mashindano yote tunayoyalenga ni ya Kiingereza. Nyinyi mwaonaje?

Safu Tano, Kisumu

Mwalimu, kabla ya kuingia kwenye ubishi, niruhusu nilifumbue fumbo lako hadharani, kwa maana nadhani njia niliyopita inajibu sehemu ya swali. Nitaandika herufi fiche, yaani za fumbo, kwa herufi kubwa na herufi wazi, yaani za ujumbe wenyewe, kwa herufi ndogo, ili tusichanganyikiwe.

Sikuhesabu chochote mwanzoni. Nilitazama miisho ya maneno. Maneno ni kumi, na yote yanaishia kwa herufi tatu tu: K mara saba, D mara mbili, T mara moja. Maneno ya Kiswahili, ukiondoa ya mkopo ambayo hayajazoea, huishia kwa irabu. Kwa hiyo nilikuwa tayari nimepata irabu tatu kabla ya kushika penseli. K ndiyo a, kwa sababu hakuna irabu nyingine inayoweza kufunga maneno saba kati ya kumi. Hapo JK na YK zikawa jamaa za na, ya, wa, la na za.

Kisha nikaitazama S. Imetokea mara moja tu katika fumbo zima, ndani ya FTSCK, na imefuatwa na C. Katika Kiswahili sanifu herufi c haitembei peke yake. Daima imeshikwa mkono na h. Nikajaribu S kuwa c na C kuwa h, na FTSCK ikasomeka kwa mwisho wa -cha. Neno lililotangulia ni TQDFT, linaloanza na kuishia kwa irabu ile ile, na herufi zake mbili za mwisho, FT, ndizo zinazoanza neno linalofuata. Ukitamka polepole, kitu kikiishia kwa -ku na kingine kikaanza kwa ku- na kuishia kwa -cha, sikio linakamilisha lenyewe: usiku kucha. Hakuna jedwali lililonipa hilo. Ni mazoea ya kusikia maneno hayo mawili yakiandamana.

Yaliyobaki yalikuja mbio. IKPKIKPK ni kipande kimoja kilichosemwa mara mbili, na kila silabi ina a: barabara. CKDNDRDFD, baada ya C kuwa h, D kuwa i na F kuwa k, ni hai-i-iki yenye mapengo mawili: haipitiki. Mvua ilinyesha usiku kucha na barabara ya kwenda sokoni haipitiki. (Mwalimu, hii ni habari ya kweli huku kwetu karibu kila Aprili.)

Utamu ulikuwa mwishoni. Nilizipanga herufi wazi kwa utaratibu wa alfabeti na kuandika herufi fiche chini yake. Chini ya a, b, c, d, e zikasimama K, I, S, U, M. Neno la ufunguo ni Kisumu, U ya pili ikiwa imeachwa kwa kuwa herufi haiandikwi mara mbili, na baada yake herufi zilizosalia zinafuatana kama kawaida. Nilicheka peke yangu ndani ya matatu.

Mwalimu wa Fizikia, Kakamega

Nampongeza Safu Tano, ila mimi nasimama upande wa yule mwenzako, Mwalimu. Kila kitu alichokitumia hapo juu hakitamfaa mwanafunzi siku ya mashindano. Kiingereza hakiishii kwa irabu. Kina neno la herufi moja, ambalo karibu kila mara ni a au I. Kina the inayojirudia katika kila sentensi ya pili. Kina that, ambalo herufi yake ya kwanza na ya nne ni moja. Kina alama ya ritifaa ambayo baada yake mara nyingi huja s au t. Mtoto mwenye dakika 50 hana nafasi ya kuvumbua hayo upya. Ayajue kama anavyojua jedwali la kuzidisha.

Zaidi ya hayo, fumbo lako lina dosari ya utungaji. Kisumu haina herufi ya mwisho wa alfabeti isipokuwa u, kwa hiyo v, w, x, y na z zote zimebaki mahali pake. V katika HVTK ni v ile ile, W ya FWMJUK ni w, na Y ya YK ni y. Anayelijua hilo anapata herufi tatu za bure. Mtungaji makini huchagua ufunguo wenye z au y ndani yake. Ukitumia ziwa, kwa mfano, hakuna hata herufi moja inayobaki nyumbani kwake.

Mlezi wa Chama, Nakuru

Dosari nimeikubali, na nimeiandika kwenye daftari la chama ili wanafunzi waione kwa jina langu. Ila juu ya jambo kubwa bado sijashawishika, na nitaeleza kwa nini.

Al-Kindi wa Baghdad, ambaye katika karne ya 9 aliacha maelezo ya kwanza tunayoyajua kuhusu kuhesabu herufi ili kufumbua siri, hakumpa msomaji wake jedwali la kukariri. Alimwambia achukue maandishi ya kawaida ya lugha ile ile, yanayotosha kujaza karatasi moja au zaidi, ahesabu kila herufi, kisha alinganishe na fumbo. Yaani jedwali ni la kutengenezwa, na kila lugha ina lake. Wanafunzi wangu walipokea ETAOIN kama amri iliyotoka mbinguni, wala hakuna aliyejiuliza imetokana na nini. Ndiyo sababu walipobadilishiwa lugha wakaendelea kutii.

Alhamisi iliyopita niliwapa ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiswahili, wakahesabu wawiliwawili, mmoja akisoma na mwingine akipiga vijiti. Waliona a ikiacha nyingine zote nyuma, i ikifuata kwa mbali, na q na x zisionekane kabisa. Kisha tukarudi kwenye fumbo langu la aibu. Lina herufi 56: K ni 11, D ni 8, na ukijumlisha irabu zote tano unapata 27, karibu nusu kamili. Binti mmoja akauliza kwa nini nusu. Nikamwomba atamke neno lolote la Kiswahili na kupiga kofi kila anapofungua mdomo. Alipofika kofi la tatu akasema, "Kila konsonanti inatafuta irabu yake." Sikuongeza neno.

Tena, Mwalimu wa Kakamega, hata huko Codebusters wanafunzi hupewa mafumbo ambayo maandishi yake wazi ni Kihispania, yenye alfabeti ya herufi 27 kwa sababu ya ñ, na wengi wao si wasemaji wa lugha hiyo. Aliyejifunza kwamba jedwali ni mali ya lugha hatashtuka. Aliyekariri ETAOIN atatoboa karatasi kama mwanafunzi wangu.

Kidato cha Tatu, Kisumu

Habari za jioni, walimu wangu na wakubwa wangu. Natumia simu ya mama kwa sababu tuko likizo, kwa hiyo naomba radhi nikichelewa kujibu. Nina maswali mawili ambayo klabu yetu imeshindwa kuyatatua.

Kwanza, kuna fumbo ambalo kila herufi hugeuzwa kuwa namba, ikazidishwa kwa namba moja na kujumlishwa na nyingine. Mwalimu wetu alituambia tusizidishe kwa namba shufwa wala kwa 13, lakini kengele ililia kabla hajasema sababu. Pili, tulijaribu fumbo la Vigenère na tukahesabu herufi kama tulivyozoea, lakini hakuna iliyoongoza. Zote zilikuwa karibu sawa. Tunaanzia wapi?

Mwalimu wa Fizikia, Kakamega

Binti, nitachukua swali la kwanza, kwa kuwa unalijua jibu bila kujua kwamba unalijua. Mama akikuambia amka saa kumi na mbili, na kengele ya simu ikaandika 6:00, umefanya hesabu ya mzunguko. Saa moja ya Kiswahili ni saba ya Kiingereza. Unaongeza sita, na ukipita kumi na mbili unaanza upya. Fumbo la Kaisari, ambaye mwandishi wa kale wa Roma, Suetonius, anasimulia kuwa alisogeza herufi zake hatua tatu, ni saa hiyo hiyo, ila ina alama 26 badala ya 12.

Tazama jambo moja la kupendeza. Kwa kuwa sita ni nusu ya kumi na mbili, kutoka saa ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza na kurudi ni kazi ile ile. Ukiongeza au ukipunguza unafika mahali pamoja. Nusu ya 26 ni 13. Kwa hiyo fumbo la kusogeza hatua 13 hujifumbua lenyewe ukilifumba mara ya pili.

Sasa kuzidisha. Weka a kuwa 0, b kuwa 1, endelea hivyo mpaka z kuwa 25. Zidisha kwa 2: b inakuwa 2, yaani C. Lakini o, ambayo ni 14, inakuwa 28, na ukitoa 26 inabaki 2, yaani C tena. Mpokeaji akiona C atajuaje kama ni b au o? Ukizidisha kwa 13 ni maafa zaidi, kwa sababu kila herufi inaangukia A au N. Namba zisizoleta mgongano ni zile zisizogawanyika kwa 2 wala kwa 13, na kati ya 1 na 25 ziko 12. Ukiziunganisha na hatua 26 za kujumlisha unapata funguo 312 tu, ambazo darasa zima likigawana zinaisha alasiri moja. Sheria hiyo hiyo mtaikuta tena kwenye fumbo la Hill, linalofumba herufi kwa makundi, ambako kizuizi huangukia kitu kinachoitwa ditaminanti, lakini hilo lisikusumbue likizo hii.

Safu Tano, Kisumu

Mimi nichukue la pili, dada mdogo. Fumbo hilo wengi huliita la Vigenère, ingawa Bellaso wa Italia alikuwa amelieleza mwaka 1553. Herufi haziongozi kwa sababu kila herufi ya ujumbe husogezwa kwa hatua tofauti, kufuatana na neno la ufunguo linalorudiwarudiwa juu yake. Herufi a moja inafumbwa hivi hapa na vile pale, basi vilele vyote vinasawazishwa kama shamba lililopitiwa na jembe la trekta.

Nimekutengenezea mfano mfupi, na nimeukata katika makundi ya tano tano kama ilivyo desturi:

RIIAJ QSACW CORII AJQSA JCXWZ

Usihesabu herufi kwanza. Tafuta vipande vinavyojirudia. RIIAJQSA inaanza nafasi ya 1, na inaanza tena nafasi ya 13. Herufi nane zikijirudia kwa mpangilio ule ule, ni vigumu kuiita bahati. Ina maana maneno yale yale yamekutana na sehemu ile ile ya ufunguo. Kati ya 1 na 13 kuna hatua 12, kwa hiyo urefu wa ufunguo ni namba inayoigawa 12 bila kubakisha: 2, 3, 4, 6 au 12 yenyewe. Hii ndiyo njia aliyoichapisha Kasiski mwaka 1863.

Jaribu 4. Andika fumbo katika safu nne, na kila safu sasa ni fumbo la Kaisari peke yake. Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa zawadi ambayo Kiingereza hakina. Kwa kuwa a ina thamani ya 0, popote ilipo a katika ujumbe, herufi fiche inayoonekana ni herufi ya ufunguo yenyewe, uchi kabisa. Na kwa kuwa a ndiyo herufi yetu kuu, inayoongoza katika kila safu ina uwezekano mkubwa wa kuwa ndiyo ufunguo. Safu ya nne ya fumbo letu ina A, A, O, A, A, W. Ufunguo wake ni a.

Lakini nisikudanganye. Safu ya pili ina I, Q, W, I, Q, C, nayo imegawana kura. Safu ya kwanza ina R, J, C, R, J, J, Z, na ukiifuata J utapotea. Herufi 25 ni chache mno kwa kanuni hii; inataka ukurasa. Hapo unakisia neno. Kipande kilichojirudia kimeandikwa na mtu wa Kisumu. Mtu wa Kisumu angerudia neno gani? Jaribu samaki chini ya RIIAJQ na utoe herufi kwa herufi: R ni 17, s ni 18, unapata hasi 1, yaani 25, z. I toa a ni i. I toa m ni hasi 4, yaani 22, w. A toa a ni a. Ukiendelea unapata z na i tena. ZIWAZI. Ufunguo umejitaja wenyewe, na ujumbe ni samaki wadogo, samaki wakubwa.

Mjukuu wa Bandari, Bungoma

Nimesoma uzi huu tangu asubuhi na nimeona mnaagiza mifano kutoka mbali ilhali tunayo nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafundisha historia huku Bungoma.

Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo mwezi wa Aprili, Waingereza walihamisha kituo chao cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya Wajapani mpaka Kilindini, na kukiweka katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Hapo ndipo msimbo wa meli za biashara za Japani, ulioitwa JN-40, ulipovunjwa. Wafumbuzi walikuwa wamedhani ni kitabu cha maneno yaliyopewa namba, na namba nyingine zikajumlishwa juu yake. Mwezi wa Septemba kosa la upande wa Wajapani likawaonyesha kuwa ni kitu kingine kabisa: jedwali la makundi 100 ya tarakimu mbili mbili, kisha tarakimu hizo zikapangwa katika safu na safu zikavurugwa. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma hata ujumbe wa nyuma. Wanafunzi wanaopambana na mafumbo yenye tabaka mbili wajue kwamba moja ya aina hiyo lilifumbuliwa katika majengo ya shule ya Kenya.

La pili ni ule mchezo uitwao kinyume. Wazee wa pwani walikuwa na mchezo wa kuficha maneno kwa kuleta silabi ya mwisho mbele: samaki ikawa kisama, nyumba ikawa mbanyu. Huo ni uhamishaji, si ubadilishaji. Herufi ni zile zile, zimehama viti tu. Kwa hiyo mwanafunzi akihesabu fumbo la Kiswahili na kukuta a inaongoza, i inafuata, na q na x hazipo, asihangaike kutafuta nini kimebadilishwa na nini. Aandike herufi katika mistari na safu, na abadilishe idadi ya safu mpaka kila mstari uwe na irabu karibu nusu. Katika Kiswahili kipimo hicho ni kikali, kwa sababu konsonanti tatu zikiandamana huwa ni za aina chache, kama ngw, mbw na nyw.

Kwa njia, mimi napenda kufumba na kufumbua kuliko usimbaji fiche. Maneno hayo mawili yameoana tangu zamani, na mtoto anayasikia bila kufafanuliwa.

Mwalimu wa Fizikia, Kakamega

Historia hiyo ya Kilindini nitaisoma mbele ya darasa Jumatatu. Na juu ya al-Kindi nalegeza msimamo wangu nusu: wiki tatu za Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza mpaka mwisho wa muhula. Siongezi wiki ya nne.

Ila naomba tusisahau mambo ya mkono. Tulipopimana kirafiki na shule jirani, timu yangu ilikuwa na njia sahihi ya kufumbua Vigenère na bado ikashindwa, kwa sababu mvulana aliyekuwa akinakili aliruka herufi moja, ya thelathini na kitu. Kuanzia hapo kila herufi ilikaa safu isiyo yake, na umbali kati ya vipande ukawa 23 badala ya 24. Namba 23 haigawiki kwa kitu, wakaamini ufunguo una herufi 23. Walipoteza robo saa. Tangu siku hiyo tunatumia karatasi za miraba, herufi moja kila mraba, kwa penseli, na herufi kubwa tupu, maana u ndogo na v ndogo za wanafunzi wangu ni pacha. Mmoja akinakili, mwingine anahesabu kwa sauti ya chini. Kompyuta tunaitumia baadaye kukagua, na umeme ukiwa umepotea hatukosi kazi.

Mlezi wa Chama, Nakuru

Wiki tatu nimezipokea, na nitamwonyesha mwenzangu wa idara uzi huu kabla ya mkutano wa Ijumaa. Kanuni ya kunakili wawiliwawili naiiba leo leo.

Nawaachia fumbo moja, hasa wewe wa Kidato cha Tatu. Ni methali. Nakuonya kwamba ile herufi tuliyoisifu tangu mwanzo wa uzi haiongozi humu, kwa hiyo anayeegemea hesabu peke yake ataanguka. Mwalimu wa Kakamega ataona kwamba nimerudia dosari ile ile ya ufunguo; safari hii nimefanya makusudi.

BTIAL IBTIAER IFEJCN IWRPRVT DTHECNJCTN

Kidato cha Tatu, Kisumu

Mwalimu, nimelipata, dakika ishirini na mbili kwa saa ya jikoni. Nilihesabu kwanza na nikaona I na T zimelingana, tano kwa tano, nikakaribia kuipa I sauti ya a. Halafu nikaona I haiishii neno lolote, ila inaanza maneno matatu yanayofuatana, na nikajiuliza ni herufi gani ya Kiswahili inayopenda kusimama mbele ya majina ya watu. Kisha nikaona BTIA ya neno la kwanza imemezwa ndani ya neno la pili. V na W niliziacha mahali pake, kama Mwalimu wa Kakamega alivyosema.

Sitaiandika methali hapa ili wenzangu wajaribu. Ufunguo ni mji unakofundisha, ukiondoa U ya mwisho.

Mama anaitaka simu yake. Je, yule binti aliyepiga makofi yumo humu jukwaani? Ningependa klabu zetu zitumiane mafumbo kwa barua muhula ujao.